Nepi Ulizoninunulia, Papa

Papa yangu mpendwa,

Hukupenda barua ndefu, najua. Nitajaribu kufupisha, ila mdomo wangu haukuwahi kuwa na breki, na wewe uliyetengeneza breki za mabehewa maisha yako yote ulishindwa kuurekebisha.

Unakumbuka wiki ile Mama alipokwenda Mitwaba kumuuguza nyanya? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Asubuhi nilikataa kutoka kitandani, nikasema tumbo linaniuma. Ulipoliona shuka lenye damu, ulisimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata. Kwetu jambo lile si la baba. Ni la shangazi: ndiye anayemweka binti ndani na kumfundisha, na wanaume wa nyumba wajifanye hawajaona kitu. Lakini shangazi alikuwa shambani kwake Kasungami na wakati ule hakuwa na simu. Ukavaa kofia, ukaenda duka la dawa.

Kulitaja jina la ulichotaka kukakushinda. Ukanyoosha kidole kwenye rafu, ukarudi na kifurushi kinono chini ya koti. Papa, zilikuwa nepi za mtoto mchanga! Mwenye duka akakupongeza, nawe kwa aibu ukasema asante. Basi ikawa habari ya mtaa. Kabla ya saa sita jirani yetu Mama Nathalie alikuwa mlangoni na sufuria ya uji, na wanawake wawili nyuma yake.

"Félicitations, papa! Mutoto iko wapi? Mama alizala lini? Hatukuona ata tumbo!"

"Mutoto haiko," ulisema.

"Namna gani haiko? Na ma-couches, nepi ulinunua?"

Ulivua kofia. "Ni ya huyu binti yangu. Amekuwa mukubwa."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Na mdogo wangu Kalala alikuwa anagaagaa sakafuni akishika mbavu. Hapo ndipo ulipokasirika.

"Kalala, simama, kuya hapa. Mama yako ni mwanamuke. Dada yako ni mwanamuke. Kesho bibi utaoa atakuwa mwanamuke. Utacheka mpaka wapi?"

Ukachukua chaki yako ya kazini, ukatuchorea siku za mwezi nyuma ya mlango, sisi wawili tumekaa pamoja. Ukasema, "Hii haiko bulwele, haiko ugonjwa. Ni kazi ya mwili, iko na horaire yake, saa yake, sawa treni. Sema yenyewe haichelewake sana." Kisha ukampa Kalala beseni na sabuni, mkalifua lile shuka uani mchana kweupe, baba na mwana, majirani wakitazama juu ya ukuta.

Kesho yake shangazi alifika na moto wake. "Yaya, weye mukubwa wangu, tangu lini mwanaume anafundisha binti mambo ya banamuke?"

"Mufundishe yote unajua," ulimjibu. "Miye nilimufundisha tu asiogope."

Shangazi alinifundisha kweli: namna ya kukaa, namna ya kufunga miguu, namna ya kunyamaza. Hilo la kunyamaza halikushika, kama unavyoona, maana siku hizi natangaza redioni.

Na huko redioni ndiko kulikonifanya nikuandikie. Tuliletewa tangazo la vijana lisemalo: binti jichunge, binti vaa vizuri, binti sema hapana. Mvulana hakutajwa hata mara moja. Nikamuuliza mkurugenzi, hawa wasichana wanajichunga na nani, na upepo? Ndiyo yale yale ya matangazo ya pedi kwenye televisheni: msichana anarukaruka na suruali nyeupe, na damu ni maji ya buluu kama wino wa shule. Mkurugenzi akacheka, akasema nitafute mwanaume atakayekubali kuzungumza na wavulana juu ya mambo haya. Nisipompata kufikia Ijumaa, tangazo linatoka lilivyo.

Wenzangu wote walikimbia. Mmoja alipata kikohozi papo hapo. Nikampigia Kalala, ambaye sasa ni dereva wa lori, alikuwa kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa.

"Ah, yaya! Ba chauffeurs benzangu banasikilizaka radio yenu. Batanicheka."

Papa, iliniuma. Nilidhani amelisahau lile beseni.

Ijumaa asubuhi, nikiwa nimekwisha kata tamaa, mlango wa studio ukafunguliwa. Kalala, jasho linamtoka, kifurushi mkononi. Alikuwa amerudi mjini jana yake, na asubuhi ile binti yake Mireille alikuwa amekataa kutoka kitandani.

"Yaya, nilifika ku pharmacie, kidole yangu ikaanza kunyoloka yenyewe! Nikamuona Papa. Nikairudisha mu mufuko. Nikasema na sauti: serviettes hygiéniques, pedi ya binti yangu. Na bantu banajaa mule ndani!"

Akakaa mbele ya maikrofoni. Karatasi ya tangazo hakuigusa. "Ba chauffeurs benzangu, na ninyi bavulana," akaanza, "najua munacheka. Chekeni kidogo, kisha munisikilize. Mama yako ni mwanamuke..." Akayasema yote, neno kwa neno, mpaka lile swali lako. Mkurugenzi hakumkata hata neno moja. Nililia, Papa, na nikacheka, vyote kwa mpigo mmoja, na mji mzima ukakusikia.

Nilitaka abaki tunywe chai. Alikuwa amekwisha simama.

"Mireille ananingojea," alisema. "Na shuka sijafua."

Nikamkimbilia hadi barabarani, maana alikuwa amesahau kifurushi mezani. Nilikikagua kwanza. Hazikuwa nepi za mtoto mchanga.

Pumzika vema, Papa. Mdomo wangu bado hauna breki, na sitaupeleka kwa fundi.

Binti yako,
yule wa nepi