Mgeni wa Saa Nane Mchana

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu mimi mdogo wako, na za Mama, ambaye yuko jikoni anaimba huku akipanga vyombo, kwa hiyo usianze kusoma ukiwa umeshika kichwa. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi alituambia siku hizi unalala sakafuni kama mfungwa. Na watoto je, yule mdogo bado anavificha viatu asivivae? Sisi huku hatujambo. Vidole vya Mama bado vinavimba kila asubuhi kwa baridi yabisi, lakini anakula, analala, na juzi aligombana na jirani kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Mwenyewe unajua kwamba kwa Mama hiyo ndiyo dalili ya uzima.

Barua yako uliyompa dereva wa basi nimeipata. Unasema Mama alikuambia kwenye simu, Jumanne ile, kwamba Kijiti amekuja kucheza naye. Unasema umeshaongea na daktari wa akili, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi utakuja kumchukua. Kaka, mistari hiyo nilianza kuisoma nimesimama nikaimalizia nimekaa. Mdogo wetu tulimzika miezi kumi na moja iliyopita, na Mama analijua hilo kuliko mimi na wewe. Nakuomba usimchukue kabla hujasoma barua hii hadi mwisho. Kuna jambo nimelificha, na akilazwa kwa sababu yangu sitajisamehe. Naliandika badala ya kukupigia kwa sababu kuta za nyumba hii unazijua, zina masikio.

Baada ya msiba Mama alikifunga chumba cha Kijiti. Siku alipokifungua aliwasha kompyuta yake, akaukuta ule mchezo wa mashujaa na mazimwi, pale pale Kijiti alipouacha. Unaukumbuka? Mgumu hadi yeye mwenyewe alikuwa akirusha mito ukutani. Shujaa wake alikuwa amesimama mbele ya lango la mwisho, upanga begani, anahema tu. Mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba mtoto haachwi njiani, na kwamba atamvusha yeye.

Basi ndipo taabu ilipoanza. Mama huyu, aliyepiga chapa mahakamani miaka thelathini bila kuangalia vidole, sasa alishindwa kubonyeza vibonye viwili kwa pamoja. Zimwi likampiga asubuhi, likampiga mchana. Kila mara kioo kiliandika kwamba amekufa, na yeye akabaki anayatazama maneno hayo huku chai ikipoa. Ikafika mahali akawa hali chakula. Niliogopa, Kaka. Niliona tutazika mara mbili.

Aliyetuokoa ni mteja wangu mmoja wa miwani, mwanamume mwenye mkono mmoja. Nilipokuwa nampima fremu alinieleza kwamba mchezo huo huo yeye huucheza na mkewe kwa msaada wa kiongezo, yaani programu ndogo ambayo wapenzi wa mchezo wameitengeneza wenyewe na kuipachika juu yake. Kinawawezesha watu wawili au watatu kuingia katika nchi moja ya mchezo, kila mmoja na kompyuta yake, hata kama wako mbali. Mmoja akianguka, mwenzake anamwinua. Mtu anaingia kwa neno la siri. Hakuna kuongea humo. Mnainamiana, mnapungiana, mnagonga ngao. Nikakipachika siku ile ile. Mama akachagua neno la siri, lile jina alilokuwa akimwitia Kijiti akiwa mchanga, ambalo sisi tulikatazwa kulitumia.

Akaamua kurudi nyuma, apite kila nchi aliyopita mwanawe ndipo alifikie lango. Jioni nilicheza naye mimi, kwa kompyuta yangu ndogo. Baada ya juma moja akaniambia kwamba mchana nikiwa kazini kuna mgeni anakuja, saa nane kamili. Ni mtu mweupe kama moshi, maana kiongezo huwaonyesha hivyo wanaoingia. Anavunja kila mtungi uliopo njiani. Anagonga ngao kabla ya kila mlango. Vidole vya Mama vikichelewa, anakaa chini na kumsubiri. Nani mwingine, kama si Kijiti, alikuwa akivunja mitungi yote hata pasipokuwa na faida? Nikirudi nilikuta kiti cha Kijiti kimevutwa karibu na cha Mama, na mto wake umebonyea. Mama alianza kula. Ikifika saa saba na nusu alikuwa ameshaoga na kuvaa hereni.

Mficha uchi hazai, Kaka, kwa hiyo na niseme. Mgeni huyo ni mimi. Nyuma ya mashine ya kukatia lenzi pale dukani kuna kompyuta, na saa nane wateja ni wachache. Niliingia kwa lile neno la siri, nikayaiga yote niliyomwona akiyafanya nilipokuwa nasimama nyuma ya bega lake. Nilimdanganya mama yangu majuma sita, kwa sababu kila siku ya uongo huo alimaliza sahani yake. Nililia mara nyingine nikiwa nimeinamia lenzi za watu.

Ningependa kuishia hapo. Ungenikemea, ungemwambia daktari kwamba ni utundu wa binti, yakaisha. Lakini Jumanne ile umeme ulikatika dukani kuanzia saa sita. Saa nane nilikuwa dirishani nikimrekebishia mwalimu mmoja mstaafu mikono ya miwani. Nilirudi nyumbani nimejiandaa kumliwaza Mama kwamba pengine mgeni atakuja kesho.

Nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani, uso umelowa, anatabasamu. Akaniambia kwamba Kijiti amekuja. Kaka, nikakumbuka kwamba majuma yote sita hakuwahi kulitaja jina hilo. Alikuwa akisema mgeni, mgeni.

Kisha akanieleza bila haraka. Mimi na wewe tulipokuwa shule ya bweni, Kijiti alikuwa akicheza chini ya meza Mama akipiga chapa. Akitaka kuangaliwa, aligonga meza mara mbili, akanyamaza, akagonga mara moja. Mama naye alimjibu kwa kubonyeza mara moja kile kibonye kirefu cha chini, bila kuacha kazi. Ilikuwa ishara yao wawili. Kijiti alipokua akaihamishia kwenye ngao. Mimi nilikuwa nikiigonga mara tatu mfululizo, maana sikujua kwamba pale katikati kuna kimya. Mama aliniambia alinitambua tangu siku ya kwanza, na hakusema kwa sababu aliona na mimi nafaidika. Lakini Jumanne, mbele ya lango, mgeni aligonga mara mbili, akanyamaza, akagonga mara moja.

Niliifungua orodha ya kiongezo inayoandika kila aliyeingia na kompyuta aliyotokea. Siku zangu zote za saa nane zina jina la kompyuta ya duka. Jumanne imeandikwa kwamba mgeni ameingia saa nane kamili, na mahali pa kompyuta pako wazi. Nilikufikiria wewe, nikajicheka, wewe ambaye hata kuiwasha unaita mtu. Tangu hapo sijathubutu kuingia mchana. Mama hajaniuliza kwa nini. Na kila nikirudi, katika nchi ile nakuta mitungi mingine imevunjwa.

Lango hawajalivuka. Mama anasema watalivuka Jumamosi utakayokuja, ili nawe uwepo, na kwamba akishamfikisha ng'ambo atamwachia aende zake. Kwa hiyo njoo, Kaka, lakini daktari mwache kwanza. Nilimkumbusha Mama kwamba kiongezo kinaruhusu watu watatu, nikasema tutakufundisha uingie nasi. Alicheka, akafuta mikono kwa kanga, akasema kaka yako atakaa kitandani aangalie, kwa sababu nafasi zimejaa.

Msalimie sana wifi, na mwambie kitambaa chake nimekipata. Watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao mwenye maneno mengi. Mama anasema uje na sweta, chumba cha Kijiti siku hizi kina baridi mchana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi Miwani