Nimebaki Dhamana Usangu

Kamwene kaka,

Habari za Kihesa? Goti la mama limepoa, au bado anailaumu baridi? Mimi mzima, ila barua hii isome peke yako kwanza.

Unajua kazi yangu ni kutafuta watu wa kupimwa damu kwa ule utafiti wa homa. Kila kijiji tulichofika tulikuta milango imefungwa na moshi bado unatoka jikoni. Wanasema sisi mumiani, tunanyonya watu damu tukauze. Na daktari wetu, na usomi wake wote, akaja na gari jekundu! Nilitaka kulia.

Hapa tulipofika mwisho ni kwa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani. Mwenye mji, mzee Masanja, alitusikiliza, kisha akauliza, "Mtu akichukua ng'ombe wangu, ananiachia kitu. Damu yetu mnatuachia nini?"

Kwa kiherehere changu nikajibu, "Mnabaki na mimi, mzee, mpaka majibu yarudi."

Watu wakacheka, woga ukapungua. Mke mdogo wa mzee akatangulia kunyoosha mkono, wengine wakafuata. Daktari akaondoka na chupa zake kwenda Mbeya, amefurahi kweli. Jioni ile mimi na mzee tulinawa bakuli moja, tukala sahani moja, akaniita mwanangu.

Tangu hapo mvua imefunga njia na gari halijarudi. Sasa yule mke mdogo ana homa kali, hanyanyuki. Naona ni malaria tu, na vidonge vyangu vyote nimempa, lakini nani atanisadiki? Wanaume wanazungumza zizini kwa Kisukuma; nikipita, wananyamaza. Mdomo huponza kichwa, ulikuwa ukiniambia tangu utotoni. Naogopa, kaka, sikufichi.

Barua hii nampa muuza samaki wa baiskeli anayejaribu kufika Chimala. Ukiipata, panda basi uende Mbeya, umwambie daktari aje na dawa na majibu, hata kwa miguu.

Msalimie shemeji, na mjomba wa Kalenga aliyesema kazi ya damu haina heri. Asicheke kwanza.

Jana jioni mzee aliniletea ugali na maziwa mwenyewe. Akanimiminia maji ya kunawa, akaweka birika chini. Yeye hakunawa.

Mama akiuliza, mwambie nakula vizuri.

Mdogo wako,
Atilio