Alipomwambia Baba Kwamba Hawezi

Jumamosi, Kyela mjini. Mvua imeanza alfajiri na bado haijachoka. Njia ya sokoni ni tope tupu, na hapa kwenye duka la intaneti tumebaki wawili, mimi na mwenye duka anayesinzia kwenye kiti chake.

Nimekuja kuandika kwa sababu tangu jana nimeduwaa.

Baba yangu ni mfanyabiashara wa mpakani. Enzi za ruksa zilipoanza, biashara ilipofunguliwa, alikuwa akivusha mchele kwenda Malawi na kurudi na vitenge na sabuni. Mwaka jana alipata kiharusi. Mguu wa kushoto ulirudi taratibu. Mkono haukurudi. Akapumzika, akafikiri, kisha akaligeuza ghala lake la mchele kuwa jimu. Watu wamecheka sana: nani Kyela atalipa apewe vyuma vya kubeba, na magunia yamejaa kila mahali? Baba hajali. Vyuma vimeshafika, na baiskeli ya kukanyaga bila kwenda popote nayo imefika.

Jana tulifanya usaili wa mwalimu wa mazoezi. Mimi, binti yake mkubwa, ndiye niliyekuwa nauliza maswali. Baba alikaa pembeni yangu, kimya, akiwa amevaa koti lake la kanisani.

Aliingia kwanza kijana mmoja kutoka Mbeya, kifua kama mlango, suti ya michezo inang'aa. Kila nilichouliza alikiweza. Kupunguza tumbo, anaweza. Wenye kisukari, anaweza. Wazee, ndiyo kabisa. Mwishoni baba aliuinua mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akauweka juu ya meza.

"Na huu?"

"Mzee wangu, miezi mitatu tu," kijana akasema. "Utabeba gunia."

Baba akacheka. Na mimi nikacheka. Moyoni nilikuwa nimeshamwajiri.

Kisha akaja dada mmoja, Atupele.

Alikuwa ametoka Matema, kando ya ziwa, kwa lori la mpunga. Nilimwona dirishani akinawa matope miguuni kwenye bomba la nje, akavaa viatu ndipo akaingia. Akapiga goti kidogo kumsalimia baba kwa Kinyakyusa, na baba akainuka kumwitikia. Wakakaa. Nikamuuliza alikofanyia kazi. Akasema Mbeya, kwenye jimu moja. Nikamuuliza kwa nini aliondoka.

"Niliachishwa," akajibu. "Kuna mama nilimwongezea uzito kabla hajawa tayari. Akaumia mgongo. Alipona, ila kosa lilikuwa langu."

Niliacha kuandika. Nimekaa kwenye usaili mwingi, upande wa kuuliza na upande wa kuulizwa, na sijawahi kusikia mtu akisema hivyo. Watu husema mkataba uliisha. Husema walikuwa wanatafuta changamoto mpya. Mimi mwenyewe ningesema mkataba uliisha.

Nikamuuliza amejifunza nini. Akasema siku hizi haongezi kitu kabla ya kumuuliza mtu amelalaje, anaumwa wapi, na kwamba mtu akisema haumwi humtazama usoni kwanza.

Baba akauweka mkono mezani.

"Na huu?"

Atupele akausogelea. Aliomba ruhusa aushike. Akamwambia baba abane kidole chake. Baba akajitahidi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kidole hakikubanwa. Akamuuliza daktari alisema nini, baba akatazama pembeni. Yule dada akaurudisha mkono mezani polepole, kwa mikono yake yote miwili.

"Baba, sijawahi kumfundisha mtu aliyepata kiharusi. Siwezi kukuahidi kwamba mkono huu utarudi. Mguu nimeuona ulipokuwa unasimama kunisalimia, una nguvu, huo naweza kuufanyia kazi. Lakini mkono, mpaka wataalamu wa viungo wa hospitali wanielekeze. Nikijaribu peke yangu nitakuumiza."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilitamani ipige zaidi.

"Umetoka Matema kote kuja kuniambia huwezi?" baba akauliza.

"Nimetoka Matema kuomba kazi, baba. Hilo la mkono umeniuliza wewe."

Baba akamwambia aende, tutamwita. Kwa sauti ile ninayoijua, sauti ya kumfukuza mteja anayepunguza bei kupita kiasi. Atupele akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, akatoka, akavua viatu barazani na kuingia kwenye mvua akiwa amevishika mkononi. Nilijua ameikosa kazi. Nadhani na yeye alijua. Alitembea bila kuinamisha kichwa.

Jioni baba hakugusa chakula. Mama alimsogezea ndizi, akazisukuma. Kisha akasema, kama anayezungumza na sahani:

"Yule binti ndiye wa kwanza kuutazama mkono wangu. Ninyi wote mnatazama ukuta."

Mama akaweka kijiko chini.

"Daktari aliniambia siku ile ile tulipotoka hospitali. Mkono huu basi. Nilimwomba asiwaambie. Nimekuwa nikiwauliza watu, nani ataniambia tofauti. Na wote wananiambia tofauti." Akanigeukia. "Nimechoka, Lugano."

Baba yangu hajawahi kuniambia amechoka. Hata alipokuwa kitandani, mdomo umekwenda upande, alikuwa akiniashiria kwamba yuko salama. Mama aliinuka, akazunguka meza, akaushika ule mkono mbele yetu sote. Sikuwa nimemwona akiushika tangu baba augue.

Sikulia. Nilikuwa nimeshangaa mno kiasi cha kushindwa kulia. Mtu mmoja mwenye shida ya kazi kuliko sisi sote aliingia kwetu kwa nusu saa, akasema kweli mara mbili, na nyumba ikafunguka.

"Tumwite?" nikauliza.

"Mwite. Na umwambie nimekasirika."

Leo asubuhi nimempigia kwa simu ya duka la jirani yao kule Matema. Walikwenda kumwita, nikasubiri, nikisikia mawimbi ya ziwa na kuku. Nikamwambia kazi ni yake, aje Jumatatu, na Jumanne twende naye hospitali kuonana na wataalamu. Nikamfikishia na ujumbe wa baba.

Atupele akauliza:

"Amekasirika sana?"

"Sana."

"Basi nitafika mapema," akasema.

Nilibaki nimeshika simu. Hivi ujasiri wa namna ile mtu huupata wapi? Na je, mimi nikiketi tena kwenye kile kiti cha kuulizwa, nitasema mkataba uliisha?