Uji wa Kakakuona

Njeri mjukuu wangu,

Huku Waithaka sote tu wazima, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike. Umeniuliza kama nimewahi kumwona kakakuona. Nilimwona mara moja, miaka ya hamsini, nikiwa msichana. Mengine ya miaka ile nayaacha.

Mimi na dada yangu Wambui tulikuwa tumeenda kuokota kuni upande wa Karen. Tulimkuta njiani amejikunja kama mpira, magamba mwili mzima. Tukambeba kwenye kikapu hadi nyumbani. Alipojikunjua, nilimpapasa mdomo nisiguse jino hata moja! Nikasema, "Maskini, kumbe ni mzee." Nikamkorogea uji mwepesi, kama tulivyomfanyia shosho yetu.

Hakuugusa. Kesho yake alikuwa amelegea, nami nikalia. Wambui akasema, "Si umwachilie tuone anataka nini?"

Akaenda kwa miguu ya nyuma, ya mbele ameikunja kifuani, mpaka kwenye kichuguu. Akafukua kwa kucha, akatoa ulimi mrefu kama kamba, akala mchwa mpaka akatosheka.

Siku hizi mimi ndiye sina meno, na mama yako huniletea uji asubuhi na jioni. Ukimpigia simu, mwambie aniulize kwanza.

Shosho yako