Karanga za Marekani kwenye Nsansa

Shinyanga mjini. Jumapili, kiangazi.

Jua kali tangu asubuhi, na upepo unaleta vumbi la pamba kutoka kiwandani mpaka kwenye vyombo. Nimesuuza sufuria mara mbili. Sina huzuni, sina furaha. Nipo tu.

Sijalia bado. Arobaini ya Mama ilishapita, wageni walikuja wakaondoka, na mimi nilipakua wali wa watu wote macho yakiwa makavu. Nasikia wanasema Mwajuma ana moyo mgumu. Huenda. Mimi naona nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, na sijui nani wa kuunyoosha.

Jana kifurushi cha Maulidi kilifika posta. Maulidi ni mdogo wangu, yuko Marekani mwaka wa pili sasa, anasomea kilimo. Alikituma kwa meli kabla Mama hajaugua, na juu ya boksi aliandika jina la Mama kwa herufi kubwa. Karani akaniuliza kama mwenyewe ndiye aliyenituma.

Nilisema ndiyo.

Maulidi hajui. Mama alipofariki, Baba alikaa barazani mbele ya cherehani yake siku nzima bila kushona kitu, kisha akaniita. "Usimwandikie mwenzio habari hii mpaka amalize mitihani. Hata akija hamkuti. Mwache asome." Nikatii.

Lakini kutii kwangu kulizidi mpaka. Mama hakujua kuandika. Alihudhuria darasa la watu wazima wiki mbili, akasema mwalimu ana haraka, akarudi shambani. Barua zake zote kwa Maulidi alikuwa anasema yeye, naandika mimi, neno kwa neno. Mwandiko wa Mama, Maulidi anaoujua yeye, ni huu wangu. Basi niliendelea. Barua ya kwanza baada ya msiba niliiandika ili asishtuke kwa kimya chetu: Mama hajambo, anakusalimu. Ya pili ilikuwa nyepesi kuliko ya kwanza. Ya tatu, naona haya kuikiri hata hapa, niliifurahia. Nilimpeleka Mama kwao Ushirombo, nikampa jembe, nikamfanya awatukane panya waliomaliza viazi vitamu. Kwa kurasa mbili alikuwa mzima kabisa.

Alhamisi Maulidi amejibu. Mitihani imekwisha, amefaulu. Anauliza kama boksi limefika, na anataka kujua Mama amevionaje vyakula vya huko. "Aseme mwenyewe, dada, na wewe usipunguze kitu."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, vyakula. Alimwandikia safari moja kwamba kuna mkate wa duara wanaupasua katikati wakatia nyama ya kusaga, na watu wanaununua dirishani bila kushuka kwenye gari, wanaula huku wanaendesha. Mama akasema, "Muulize, nani anawafukuza?" Nilipokwisha andika akaongeza, "Na mikono wananawia wapi?" Safari nyingine akasikia kwamba wanakunywa vinywaji vya barafu hata siku za theluji. Akasema maskini, hawana mtu wa kuwachemshia uji.

Mama aliwahurumia Wamarekani, na hakuwa anatania. Sisi hapa Marekani tuliijua kwa mafuta ya kopo na ule unga wa njano uliokuja mwaka wa njaa. Majirani walipoinua pua wakisema ni chakula cha ng'ombe wa huko, yeye alisonga ugali, akaonja, akasema basi ng'ombe wao wana bahati. Lakini watu wanaokula mbiombio, kila mtu peke yake, hao aliwaona wana njaa ya namna nyingine. Akamshonea Maulidi mfuko wa michembe, viazi vikavu vya kwao, akaupeleka posta mwenyewe, ili mtoto awe na kitu cha kutafuna akiwa amekaa chini.

Nilifungua boksi mbele ya Baba. Kulikuwa na chokoleti iliyoyeyuka baharini ikaganda upya, imeota weupe. Kulikuwa na vitu laini vyeupe ambavyo Baba alivibonyeza kwa kidole, akasema hii pamba daraja la kwanza, akaniachia niviweke kando mpaka tujue vimetengenezwa kwa kitu gani na kama ni halali. Kulikuwa na peremende za kila rangi. Nilimpa jirani yetu Mama Ng'washi moja ya bluu, akaitazama, akanirudishia. "Mayu! Hii si ile rangi ya kufulia mashati meupe?" Nikajaribu kukumbuka chakula chochote cha bluu ambacho Mungu ameumba, nikakosa. Nilitaka kucheka, kicheko hakikuja.

Chini kabisa kulikuwa na makopo mawili ya karanga zilizosagwa laini, na kikaratasi: "Mama, kumbe hata huku wanasaga karanga! Wao wanapaka kwenye mkate."

Sasa niandike ya leo.

Mama mdogo Chausiku, mdogo wake Mama, yuko hapa tangu juzi. Alikuja na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, lakini karanga za kuungia hatukuwa nazo. Nikamwambia zipo za Maulidi. Hatukuonja, si yeye, si mimi. Nani aonje karanga? Usukumani karanga ni karanga. Akachota vijiko vinne, akatia na nyanya na chumvi, akafunika. Harufu ilikuwa sawasawa.

Tunakula sinia moja siku hizi, kwa kuwa tumebaki wachache. Baba alimega tonge, akachovya, akatia mdomoni, akaacha kutafuna. Nami nikachovya. Ilikuwa sukari! Sukari ndani ya nsansa, juu ya chumvi, pamoja na nyanya. Miezi miwili sasa tunapanga foleni dukani kwa kadi na chai tunakunywa bila sukari, kumbe wenzetu sukari wanaifichia kwenye karanga.

Mama mdogo akatazama sufuria, akatutazama sisi, akasema taratibu, "Kumbe watu hawa hata karanga hawaiachi ikawa karanga."

Sauti ilikuwa ileile ya Mama. Ile ya kuhurumia.

Baba akacheka. Tangu msiba sijamsikia akicheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanzu, na sikuweza kujua anafuta nini. Mimi nilikuwa nimekwisha nyanyuka. Nilinawa upesi, nikaenda chumbani, nikachukua kalamu na karatasi ili niiandike kauli ile kabla haijanitoka, kwa sababu Maulidi angeipenda sana.

Nikaandika: "Mama anasema..."

Kalamu ikasimama. Hakuna aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mbele yangu, kajishika shavu, akingoja nimalize sentensi. Nilikaa hivyo mpaka adhana ya alasiri. Nsansa bado nilikuwa nayo ulimini, tamu mno, na ndicho kitu cha kwanza nilichosikia ladha yake tangu tumzike. Kwa muda wote huu nimekuwa nikimnyima Maulidi msiba wake. Mimi nilimkafini Mama kwa mikono yangu, nikapata kunyamaza na watu wakanyamaza nami. Yeye anakula peke yake nchi ya mbali, kwa raha, akidhani Mama bado anasomewa barua zake.

Nimemwendea Baba barazani. Nikamwambia mitihani imekwisha. Alitia uzi kwenye sindano, mara ya tatu ndipo ukapita. "Mwandikie," akasema. "Umwambie na hii ya karanga. Umwambie nilicheka."

Nimechana ile karatasi. Nimeanza nyingine, na mstari wa kwanza umenichukua muda kuliko barua zote tatu:

"Mdogo wangu Maulidi, mwandiko ni uleule unaoujua, lakini hii ni barua yangu mimi, Mwajuma. Kaa chini kwanza, usiisome ukitembea."

Machozi yamedondokea jina lake. Nimeyaacha yakauke yenyewe. Posta inafunguliwa kesho saa mbili.