Bega Chini ya Mashine ya Nywele

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka Ruiru, nikitumaini magoti yako hayalalamiki sana na baridi ya Wundanyi, na kwamba yule mbuzi ameacha kula nguo za kanisa. Mimi ni mzima, ukiondoa bega la kulia, ambalo limeamua kujitawala.

Kwa simu hunipi nafasi ya kumaliza maneno, ndiyo maana naandika. Hapana, sikubeba gunia. Hapana, hakuna aliyeniangalia vibaya. Bega liliganda tu polepole, mpaka siku moja nikashindwa kuufikia utosi wa mteja. Na msusi asiyefika utosini ni mtu aliyesimama tu nyuma ya kiti.

Mwenye saluni, Mama Njeri, akaniambia niende Thika kwa daktari wa viungo. Huyo hana sindano. Mkono wake mmoja unashikilia mfupa wa nyuma ya bega, mwingine unauvuta mkono wangu taratibu, kama mtu anayefungua droo iliyovimba kwa mvua. Akifika penye maumivu anangoja, ananiuliza habari za kazi, kisha anaiba kidogo zaidi. Nyumbani ameniagiza niwe napandisha vidole ukutani, vitambae kama mjusi. Mwenye nyumba ameshauliza ni mtoto gani anampakia ukuta mafuta. Sina mtoto. Lakini alama zilikuwa zinapanda, nami nikazipenda.

Shida ni kwamba Ruiru nzima imesomea bega. Muuza mboga ananiandikia majani ya kabichi. Kanisani wanataka niinue mikono yote miwili, na unaokubali ni mmoja. Halafu kuna Wambui, tunayesuka naye. "Nywele ngumu ikipigwa mvuke si inanyooka?" akasema. "Sasa bega ni nini?"

Nilikuwa nimechoka kungoja, nikakaa. Wakanipaka mafuta ya nywele, wakaniinamishia ile mashine ya mvuke tunayowavalisha wateja kichwani, bega likaiva. Kisha Wambui akavuta mkono, mwenzake akanishika kiuno. Nilipiga yowe mpaka mteja mmoja akatoka na rola zake hadi barabarani.

Niliporudi Thika, daktari alinusa kwanza.

"Hili bega linanukia saluni. Nani amelivuta?"

Nikasema ni watu wa kazini. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniudhi. Alisema tunaanza upya, na asilivute mtu mwingine, "hata mama yako." Sikuwa nimekutaja, Mama. Inaonekana kila mgonjwa wake ana mama.

Sasa pale ukutani vidole vyangu vimeshuka chini ya swichi ya taa, na kiti changu amepewa msichana kutoka Juja. Mimi naosha nywele kwenye sinki. Mama Njeri anasema ni mpaka nipone, lakini wateja wangu wakimzoea yule, nitapona nirudi wapi?

Juzi mteja wangu mmoja, mwalimu, alimkataa huyo msichana. Akachukua mto wa sofa, akauweka sakafuni, akaniambia nikae kitini, akakaa katikati ya magoti yangu, vile ulivyokuwa ukitusuka. Mkono haukuhitaji kupanda popote. Nilisuka mpaka nikamaliza. Mama Njeri alikuja mikono kiunoni.

"Aterere, sikiza, hapa si kijijini. Wateja wangu hawakai chini."

Lakini alipoona mwalimu anajigeuzageuza kwenye kioo, akasema nikipata kitu cha kukalia kisichomwaibisha, nitapewa kona ya mlangoni.

Kwa hivyo usitume mafuta ya nyonyo, na usije mwenyewe kunikanda. Tuma kile kigoda cha jikoni ulichokuwa ukitukalishia. Mpe shemeji anayeendesha lori la nyanya, atakishusha hapa Gatongora, karibu na saluni.

Nisalimie baba, dada yangu mdogo wa kwaya, na shangazi anayejua kila ugonjwa. Huyo mwambie nimepona.

Kigoda kipanguse masizi vizuri, Mama. Mama Njeri atakikagua kuliko alivyowahi kulikagua bega langu.

Ni mimi bintiyo, nakukumbatia kwa mkono mmoja,
Wakesho