Maji ya Chumvi na Mchungwa wa Kyalo

Alhamisi, jioni. Mawingu yamezunguka Kathonzweni kutwa nzima, kisha yameondoka bila kutuachia tone. Nimechoka, lakini si uchovu wa kutembea.

Leo kwenye maabara tulikata viazi. Madam wa Biolojia alitugawia vipande viwili vinavyolingana. Kimoja tulikitumbukiza kwenye maji ya kawaida na kingine kwenye maji yenye chumvi nyingi. Tulipovitoa, cha kwanza kilikuwa kigumu, kimejaa, ukikikunja kinakatika. Cha pili kilining'inia kwenye vidole vyangu kama kamba ya kiatu iliyolowa.

Madam alieleza kwamba utando wa seli unaruhusu maji kupita, lakini chumvi haipiti kwa urahisi. Kwa hivyo maji hutoka upande wenye chumvi kidogo na kwenda upande wenye chumvi nyingi. Hiyo ndiyo osmosisi. Seli haisukumi wala haivuti, haitumii nguvu yoyote. Mzizi hunywa hivyo hivyo udongo ukiwa na maji matamu. Lakini udongo ukijaa chumvi, maji yaliyo ndani ya mzizi huanza kutoka nje, na mti hukauka huku umesimama kwenye tope.

Kwenye tope.

Nilikuwa bado nimeshika kile kipande machozi yaliponitoka. Mutheu, tunayekaa naye dawati moja, akaninong'oneza, "Mwende, hicho ni kiazi tu. Siku tukipasua chura si utaita mchungaji aje azike?" Nilicheka kidogo ili aache kuniangalia.

Mambo ya nyumbani huwa siyasemi shuleni. Nayaandika hapa kwa sababu daftari hili hakuna mwingine anayelisoma.

Kaka yangu Kyalo alipanda michungwa minne nyuma ya nyumba kabla figo hazijamshinda. Tulipomzika, Mama aliichukua ikawa kazi yake. Mvua ilipokosekana alianza kuimwagilia kila jioni kwa maji ya kisima kipya cha mashine kilicho karibu na soko. Maji yake yana chumvi, kila mtu anajua. Ya kunywa tunachimba kwenye mchanga wa mto, na mto uko mbali. Lakini mbuzi wanakunywa maji ya kisima na wananenepa, sasa nani angefikiria mti?

Majani yalipoanza kuungua kingo, Mama alisema ni kiu. Akaongeza mtungi. Mchungwa mmoja ulipokufa, fungu lake la maji aliimwagia iliyobaki.

Umebaki mmoja.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Nikinyamaza, mti wa mwisho utakufa. Nikisema, Mama atajua ni nini kilichoua ile mingine.

Nilimkuta ameinama na mtungi wake wa plastiki. Nilisema haraka, kama mtu anayekariri, kiazi, mzizi, maji yanavyofuata chumvi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo hii yote mitatu ni mimi," akasema.

"Si wewe, Mama. Ni chumvi."

"Na aliyekuwa anaibeba ni nani?"

Aliketi juu ya mtungi, mbuzi wakaja kunusa miguu yake. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Na ile supu ya Kyalo?"

Daktari alikuwa amekataza Kyalo kula chumvi. Kyalo akawa anasukuma sahani, anasema anakula karatasi. Jumapili moja, tulipotoka kanisani, Mama alichinja kuku, akamtilia chumvi kidogo kwenye supu. Wakati huo miguu ya Kyalo ilikuwa imevimba, ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Maji hufuata chumvi. Nilikuwa nimetoka tu kulisema kwa mdomo wangu, tena kwa fahari kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimelielewa.

"Ilikuwa kidogo, Mama," nikamwambia. "Na alikula. Alimaliza bakuli, akauliza kama kuna nyingine."

Alijifuta uso kwa leso. "Akasema hiyo kuku imemzidi umri," akasema, na sauti aliyoitoa sikujua kama ni kicheko.

Sijui kama nililomwambia lilikuwa jibu la swali lake. Kitabu changu kinaeleza kiazi na mzizi, hakielezi bakuli moja la supu. Madam pengine anajua. Nimefikiria kumuuliza, na nimeamua sitamuuliza. Mimi ambaye huuliza kila kitu, walau kimoyomoyo.

Kabla giza halijaingia nilikwaruza gome la mchungwa uliobaki kwa ukucha. Ndani bado kuna kijani, chembamba kama uzi. Sijui kama kinatosha. Chumvi iliyojaa udongoni inahitaji maji matamu mengi ili ishuke chini, na sisi hata ya kunywa tunapimiana.

Mama amewamwagia mbuzi maji ya mtungi, akausuuza, akauweka mlangoni kando ya wangu. Amesema alfajiri twende mtoni wote wawili.

Njia ya mtoni ni ndefu. Akiniuliza tena kuhusu supu, nitamwambia tena kwamba alikula.